Mkono wa Pili: Historia ya Kubadili Baitikodi

Watu wengi hudhani ya kuwa programu ya kompyuta, ikisha kuandikwa na mwenyewe na kupita katika kompaila, imefikia hatima ya umbo lake, na kwamba tangu saa hiyo haina ila kutumika kama ilivyo, mpaka mtungaji wake aurudie msimbo chanzo, arekebishe analotaka kurekebisha, na kuitoa upya. Dhana hiyo ilikuwa sahihi kwa sehemu kubwa ya umri wa kompyuta, lakini katika milki ya Java, lugha iliyoenea katika mabenki, mahospitali na serikali za dunia nzima, imekoma kuwa sahihi kwa muda wa miaka thelathini sasa. Baina ya kompaila inayomaliza kazi yake na mashine inayoanza kuitekeleza pana nafasi, na katika nafasi hiyo wameingia mafundi wa namna ya pekee, ambao hawakuitunga programu, aghalabu hawana msimbo chanzo wake, na juu ya hayo huongeza, hupunguza na kugeuza yaliyomo. Historia ya mafundi hao yastahili kusimuliwa kwa Kiswahili, kwa sababu kazi yao imo katika mifumo ambayo watu wetu huitegemea kila siku pasipo kujua, na kwa sababu ndani yake limo swali lililo kubwa kuliko kompyuta zenyewe: ni nani mwenye idhini ya kutia mkono katika kazi iliyokwisha kukamilishwa na mwingine, na kwa sharti gani?

Nasaba ya jambo hili yaanza kabla ya Java. Katika miaka ya 1970 Niklaus Wirth, mwanachuoni wa Uswisi aliyetunga lugha ya Pascal, alikabiliwa pamoja na wenziwe wa chuo cha ETH mjini Zürich na taabu ya kuihamisha lugha hiyo kutoka kompyuta ya aina moja hadi ya aina nyingine, kwa kuwa kila aina ilikuwa na amri zake za asili zisizofahamika na jirani yake. Dawa waliyoishika ni kuiamuru kompaila isitoe amri za mashine yoyote iliyopo, ila itoe amri za mashine ya kufikirika tu, zilizojulikana kwa jina la P-code, na kila mwenye kompyuta akaachiwa kazi nyepesi ya kuandika mkalimani mdogo wa amri hizo. Mwishoni mwa muongo huo Kenneth Bowles wa chuo kikuu cha California mjini San Diego aliieneza njia hiyo katika kompyuta ndogo. Na huko Palo Alto, katika maabara ya Xerox, Alan Kay, Dan Ingalls, Adele Goldberg na wenzao walijenga Smalltalk, lugha ya vitu na klasi, ambayo nayo ilisimama juu ya amri zenye ukubwa wa baiti moja moja. Amri za namna hii ndizo zinazoitwa baitikodi.

James Gosling, Mkanada ambaye baadaye angeitunga Java, alionja faida ya baitikodi akiwa bado mwanafunzi wa chuo cha Carnegie Mellon mjini Pittsburgh. Kama alivyosimulia mwenyewe, palikuwa na programu zilizoandikwa kwa ajili ya mashine zilizoitwa PERQ, nazo zilitakiwa zifanye kazi katika mashine za VAX. Naye, badala ya kuziandika upya, alizishika zikiwa tayari ni baitikodi na kuzitafsiri kutoka umbo hilo hadi amri za VAX. Kwa hiyo yaweza kusemwa bila ya kutia chumvi kwamba wazo la kuishika programu iliyokwisha kupita katika kompaila na kuigeuza lilitangulia kuzaliwa kwa Java katika fikira za aliyeizaa. Mwaka 1991 kampuni ya Sun Microsystems iliunda kikundi kidogo cha kubuni programu za vyombo vya nyumbani, Gosling akiwa miongoni mwao. Vyombo vyenyewe havikupata soko, lakini lugha iliyobuniwa kwa ajili yake ilitangazwa hadharani tarehe 23 Mei 1995, na toleo lake la kwanza kamili likatoka Januari 1996.

Ili msomaji aielewe kazi ya mafundi tutakaowataja, yafaa atazame kwa makini kitu wanachokishika. Kompaila ya Java hutoa faili moja kwa kila klasi. Faili hilo huanza na baiti nne ambazo, zikiandikwa kwa hesabu ya tarakimu kumi na sita, husomeka CAFEBABE, alama aliyoichagua Gosling ili mashine itambue mara moja kwamba hili ni faili la klasi na si kitu kingine. Hufuata namba ya toleo. Kisha hazina ya majina na thamani zote ambazo klasi inazitaja. Kisha jina la klasi yenyewe na la mzazi wake. Kisha data zake na metodi zake. Na ndani ya kila metodi zimo amri, kila amri ikiongozwa na baiti moja. Majina hayapotei, viungo baina ya klasi na klasi hubaki vimeandikwa kwa maneno mpaka saa ya kutekelezwa, na mpango mzima wa faili umechapishwa katika kitabu ambacho yeyote aweza kukinunua na kukisoma. Katika programu zilizogeuzwa kuwa amri za prosesa moja kwa moja, majina hayo aghalabu hufutika, na viungo huwa ni anwani tupu. Ndiyo maana kuziingilia ni kazi ya kupapasa gizani. Faili la klasi la Java lina nuru ndani yake.

Tuchukue metodi ndogo iliyo nyepesi kabisa, inayopokea namba kamili mbili na kurudisha jumla yake. Ikisha kupita katika kompaila, amri zake ni baiti nne tu: 1A, ambayo huweka namba ya kwanza juu ya rundo, 1B, ambayo huweka namba ya pili, 60, ambayo huziondoa mbili za juu, huzijumlisha na kuirudisha jumla mahali pake, na AC, ambayo humkabidhi jumla hiyo aliyeiomba. Fundi akiifuta 60 na kuandika 64 mahali pake, metodi ile ile, yenye jina lile lile, yenye ukubwa ule ule, itatoa badala ya kujumlisha. Mashine pepe ya Java, ambayo huwa na mhakiki wa kukagua kila klasi kabla ya kuiruhusu, haitaona dosari yoyote, kwa sababu kutoa nako huhitaji namba kamili mbili na huzaa namba kamili moja. Mhakiki huyo alikuwa miongoni mwa fahari za Java: alihakikisha kwamba amri haziruki nje ya metodi, kwamba rundo halipungukiwi, na kwamba kitu cha aina moja hakitumiwi kana kwamba ni cha aina nyingine. Lakini akaguacho ni umbo, na nia ya aliyeandika hakuweza kuikagua wala hataiweza kamwe. Msomaji aliweke neno hili moyoni, maana historia yote inayofuata imelizunguka.

Ukaguzi wa umbo wenyewe haukukamilika tangu siku ya kwanza. Mwaka 1996 Drew Dean, Edward Felten na Dan Wallach wa chuo kikuu cha Princeton walichapisha uchunguzi uliodhihirisha kwamba ulinzi wa Java ulikuwa na nyufa, na kwamba klasi iliyotengenezwa kwa hila, kwa namna ambayo kompaila ya kweli haingeitoa, iliweza kupenya mpaka mahali isipopaswa. Uchunguzi wao uliwafundisha walimwengu kwamba faili la klasi si lazima litoke katika kompaila. Kwamba baitikodi ni lugha inayojitegemea, ambayo mtu aweza kuiandika kwa mkono wake, kwa wema au kwa ubaya. Katika muda huo huo Jonathan Meyer na Troy Downing walitoa Jasmin, chombo kilichomwezesha mtu kuandika amri za baitikodi kwa maneno yanayosomeka na kuzigeuza kuwa faili la klasi, na kwa chombo hicho wanafunzi wengi walianza kuizoea lugha ya ndani ya mashine.

Hata hivyo kuandika klasi mpya ni jambo moja, na kuibadili iliyopo ni jambo jingine lililo gumu zaidi. Kubadili 60 kuwa 64 ni rahisi kwa sababu hakuna kilichosogea. Lakini fundi akitaka kuingiza amri kumi katikati ya metodi, kila amri ya kuruka iliyokuwa ikihesabu umbali wake kwa baiti huwa imepotea njia, jedwali linaloonyesha ni wapi makosa hushikwa huwa limeteleza, kina cha rundo kilichotangazwa huwa hakitoshi, na majina mapya yanayotajwa hayana budi kwanza kuingizwa katika hazina. Ni mfano wa kanzu iliyokwisha kushonwa, ambayo fundi akiongeza kitambaa kiunoni huona mabega na mikono imevutika, asipate raha mpaka amefumua na kushona upya yale ambayo hakuwa ametaka kuyagusa. Kwa hiyo palihitajika zana za kuyabeba mahesabu hayo, ili akili ya fundi ibaki kwenye kusudio lake.

Zana hizo zilizaliwa katika vyuo vikuu, na kwa kasi ya ajabu, katika miaka mitatu au minne ya mwisho wa karne. Mwaka 1997 Han Bok Lee na Benjamin Zorn wa chuo kikuu cha Colorado walitoa BIT, iliyomwezesha mtafiti kupachika katika programu ya mtu mwingine vipimo vya kuhesabu ni mara ngapi kila sehemu imetekelezwa. Mwaka 1998 Geoff Cohen, Jeff Chase na David Kaminsky waliwasilisha JOIE, kazi iliyotoka chuo cha Duke, ambayo iliibadili klasi katika ile dakika yenyewe ya kupakiwa ndani ya mashine, hata faili lililo kwenye diski likabaki kama lilivyoandikwa. Mwaka huo huo Ralph Keller na Urs Hölzle wa chuo kikuu cha California mjini Santa Barbara walieleza kwamba sehemu za programu zilizonunuliwa kwa wachuuzi mbalimbali mara nyingi hukataa kuungana kwa sababu ya tofauti ndogo za majina au za metodi inayokosekana, na kwamba badala ya kumsubiri mchuuzi atoe toleo jipya, mnunuzi aweza kuzipatanisha yeye mwenyewe kwa kuibadili baitikodi wakati wa kuipakia.

Mjini Berlin, katika Freie Universität, Markus Dahm aliandika maktaba ya JavaClass, iliyoligeuza kila faili la klasi kuwa mkusanyiko wa vitu ambavyo fundi aweza kuvishika kimoja kimoja. Maktaba hiyo ilipokewa baadaye na wakfu wa Apache, ikapewa jina la BCEL, na ikawa kwa miaka kadhaa ndiyo rejea ya kila aliyeingia katika kazi hii. Mjini Montreal, katika chuo kikuu cha McGill, Laurie Hendren, Raja Vallée-Rai na wenzao walijenga Soot, iliyoitafsiri baitikodi kwanza hadi lugha ya katikati iliyo nyepesi kuchambuliwa, kisha ikairudisha ikiwa imenyooshwa. Na huko Japani Shigeru Chiba alitunga Javassist, ambayo aliieleza mbele ya mkutano wa mwaka 2000, naye alikuwa na huruma kwa fundi wa kawaida kuliko wote waliomtangulia: alimruhusu aandike nyongeza yake kwa maneno ya Java yenyewe, kisha zana ikaigeuza kuwa baitikodi na kuipachika, hata asiyezijua amri za ndani akaweza kuifanya kazi. Palipokuwa na wataalamu wachache wa lugha ya mashine, pakawa na jamii nzima ya watumiaji.

Mwaka 2002 ulileta mageuzi mengine. Eric Bruneton, Romain Lenglet na Thierry Coupaye, waliokuwa wakifanya kazi katika utafiti wa kampuni ya simu ya France Télécom, waliona kwamba zana zilizotangulia, kwa kuujenga mti mzima wa vitu kwa kila klasi inayopita, zilikuwa nzito mno kwa kazi ya kubadili programu zikiwa safarini kuingia katika mashine. Zana yao, ASM, haikujenga mti. Ililisoma faili kutoka mwanzo hadi mwisho, na kila ilipokutana na jambo, ama metodi, ama amri, ama jina, ililitangaza kwa msikilizaji, naye msikilizaji akachagua kulipitisha kama lilivyo, kulibadili, au kulinyamazia. Kwa njia hii maktaba yao ilikuwa ndogo mara nyingi kuliko BCEL na yenye kasi kubwa kuliko hiyo, nayo ikaenea hata ikaingizwa ndani ya Java yenyewe, ikawa miongoni mwa nguzo za ndani za jengo ambalo ilizaliwa kulirekebisha.

Kwa nini watu waliitaka kazi hii kiasi hicho? Jibu moja lilitoka tena Palo Alto. Mwaka 1997, katika mkutano uliofanyika Jyväskylä, Finland, Gregor Kiczales na wenziwe wa Xerox walieleza kwamba yako mambo katika kila programu kubwa ambayo hayakubali kukaa katika klasi moja: kuandika kumbukumbu za matukio, kuthibitisha ruhusa, kufungua na kufunga miamala. Mambo hayo hutapakaa katika klasi mamia, na mwandishi hana budi kuyarudia kila mahali. Lugha yao ya AspectJ iliyakusanya mahali pamoja, kisha ikayasambaza yenyewe. Na kuanzia toleo lake la 1.1, la mwaka 2003, usambazaji huo ulifanywa katika baitikodi, kiasi kwamba hata klasi zisizo na msimbo chanzo ziliweza kupokea sehemu yao.

Jibu jingine lilitoka kwa waliohangaika na hifadhidata, na hapa historia yagusa ardhi yetu. Maktaba ya Hibernate, inayounganisha vitu vya Java na majedwali ya hifadhidata, haileti taarifa zote kwa mara moja. Badala ya kitu halisi humkabidhi mwombaji wakala mwenye sura ile ile, ambaye huenda kuzileta taarifa pale tu anapoulizwa. Wakala huyo ni klasi isiyoandikwa na mtu yeyote, mtoto wa klasi ya asili, inayotungwa baiti kwa baiti ndani ya kumbukumbu wakati programu inatembea, kwanza kwa maktaba ya CGLIB, baadaye kwa Javassist, na hatimaye kwa Byte Buddy, kazi ya Rafael Winterhalter. Basi mfumo wa OpenMRS wa kuhifadhi kumbukumbu za wagonjwa, ulioanza kubuniwa mwaka 2004 kwa ushirikiano wa taasisi ya Regenstrief ya Indiana na mradi wa AMPATH wa Eldoret, Kenya, na ambao ulianza kutumika Eldoret mwaka 2006, umejengwa juu ya Hibernate. Daktari anayefungua rekodi ya mgonjwa katika mfumo wa namna hii hatumikiwi tu na yale yaliyoandikwa na watungaji wake. Hutumikiwa pia na klasi ambazo hazimo katika msimbo wowote.

Mpaka hapo mafundi walikuwa wakiingia kwa njia walizojitobolea wenyewe. Mwaka 2004, katika toleo la Java 5, wenye lugha waliwafungulia njia rasmi: mwenye kuianzisha programu aliweza sasa kutaja pembeni yake wakala wa namna nyingine, na wakala huyo aliitwa kabla ya programu kuanza, akapewa baiti za kila klasi inayopakiwa, na akaruhusiwa kuzirudisha zikiwa zimebadilika. Mwaka 2006 Java 6 iliipanua ruhusa hiyo kwa hatua kubwa mno: wakala aliweza kuingizwa katika programu ambayo tayari inatembea, pengine kwa siku nyingi, na kuzigeuza klasi zilizokwisha kupakiwa, ila kwa masharti ya kutoongeza wala kuondoa data au metodi, na kutobadili ukoo wa klasi. Kutokana na njia hiyo vilistawi vyombo vya kupima mwendo wa programu katika mifumo iliyo kazini. Na kwa ajili ya majaribio pakapatikana JaCoCo, ambayo hupachika katika kila metodi vidokezo vidogo vinavyoandika kweli katika jedwali pale vinapopitiwa, ili ijulikane ni sehemu ipi ya programu imejaribiwa na ipi haijaguswa.

Wakati huo huo mhakiki naye alibadilika. Kazi yake ya zamani, ya kuzunguka ndani ya kila metodi mpaka ajue aina ya kila kilichomo katika rundo, ilikuwa ghali kwa simu ndogo za mkononi zilizokuwa zimeanza kubeba Java. Na mtafiti Eva Rose alikuwa ameonyesha kwamba kompaila yaweza kuandika majibu mapema ndani ya faili, ili mhakiki asitafute tena, ila athibitishe tu. Njia hiyo ilitumika kwanza katika simu hizo, ikaingia Java 6, na kuanzia Java 7 ya mwaka 2011 ikawa faradhi kwa faili za toleo jipya. Kwa mafundi wa baitikodi lilikuwa jambo zito, maana tangu hapo kila aliyegusa mwendo wa metodi aliwajibika kuandika upya na ushahidi wake, na faili lililobadilishwa pasipo ushahidi unaolingana nalo lilikataliwa mlangoni. Wako walionung'unika, lakini mimi naona sharti hilo lilikuwa la haki: mwenye kubadili maneno atoe na hoja ya maneno aliyoyabadili.

Ubaya nao haukukosekana, kama usivyokosekana katika sanaa yoyote yenye nguvu. Wapo waliofuta katika programu za biashara ile metodi inayouliza leseni. Na kwa upande wa pili wapo waliolazimika kuigeuza baitikodi yao wenyewe iwe ngumu kusomeka, kwa zana kama ProGuard ya Eric Lafortune iliyotoka mwaka 2002, ambayo hubadili majina yenye maana kuwa herufi tupu na kuondoa yasiyotumika. Lakini mtihani mkubwa wa sanaa hii, ulioonyesha kwa pamoja heri yake na hatari yake, ulikuja mwishoni mwa mwaka 2021.

Novemba mwaka huo kikosi cha usalama cha Alibaba Cloud kiliwaarifu watunzaji wa Log4j, maktaba ya kuandika kumbukumbu za matukio iliyomo katika programu za Java zisizo na idadi, kwamba mtu aliye mbali, kwa kuifanya programu iandike maneno fulani aliyoyatuma, aliweza kuiamuru ikachukue klasi kutoka katika mashine yake na kuitekeleza. Habari zilipotoka hadharani Desemba, kosa hilo lilipewa alama 10 juu ya 10 katika kipimo cha hatari. Dawa sahihi ilikuwa kuweka toleo jipya. Lakini mashirika mengi hayakujua hata ni programu zao zipi zenye Log4j ndani, na mengine yalikuwa na programu ambazo haziwezi kusimamishwa. Ushauri mmoja uliotolewa kwa wasioweza kungoja ulikuwa mkali kama kisu cha mpasuaji: fungua kifurushi cha maktaba, ondoa humo faili moja, JndiLookup.class, na ukifunge.

Mafundi wa Amazon waliokuwa wakiitunza Corretto, Java ya kampuni hiyo, walipita njia nyingine. Waliandika wakala aliyejiunga na kila programu ya Java inayotembea, akaitafuta klasi hiyo ya JndiLookup, akaishika metodi yake iitwayo lookup, na kwa msaada wa ASM akaibadilisha ili, bila ya kujali imeulizwa nini, irudishe daima maneno yale yale ya kutangaza kwamba imezibwa. Programu haikusimamishwa na msimbo chanzo haukutafutwa, na mlango uliokuwa wazi kwa adui ulifungwa ukiwa ungali unatumika. Hakuna ushahidi bora kuliko huu wa faida ya kazi iliyoanzishwa katika vyuo vya Colorado, Duke na Berlin.

Lakini kisa hakikuishia hapo. Aprili 2022 watafiti wa Palo Alto Networks walitangaza kwamba chombo kile cha kuziba, katika namna kilivyokuwa kikiendeshwa kwenye mashine zenye programu nyingi zilizotengwa, kilikitafuta kila chenye jina la java na kukiendesha kwa mamlaka makubwa pasipo kuhakikisha ni nani hasa. Hivyo mwovu aliyejipa jina hilo ndani ya eneo lake dogo aliweza kutoka humo na kuitawala mashine nzima. Amazon ikatoa matoleo yaliyorekebishwa. Waliokuja kutibu walikuwa wameleta ugonjwa mwingine, wala si kwa kukosa ustadi, maana ustadi wao wa baitikodi haukuwa na kasoro; walikosea katika jambo la idhini na utambulisho, yaani lile lile ambalo mhakiki wa mashine hawezi kulikagua.

Wenye Java, ambayo tangu mwaka 2010 imo mikononi mwa Oracle, wamekuwa wakilielekea jambo hilo hilo la idhini kwa mwendo wa taratibu. Katika toleo la 21, la Septemba 2023, mashine ilianza kutoa onyo kila wakala anapoingizwa katika programu inayotembea, ikitangaza kwamba katika toleo la baadaye jambo hilo litazuiwa mpaka mwenye kuiendesha programu atoe ruhusa waziwazi. Wakala aliyetajwa tangu mwanzo haonywi, kwa kuwa idhini yake imeandikwa mahali panapoonekana. Na kwa upande wa pili, katika toleo la 24 la Machi 2025, Java ilitoa zana yake yenyewe ya kusoma, kuandika na kubadili faili za klasi, baada ya kuonekana kwamba kila miezi sita toleo jipya la lugha huleta namba mpya ya faili, na zana za nje huachwa nyuma zikikimbiza. Mkono mmoja umebana ruhusa, na mkono wa pili umetoa nyenzo, wala hakuna mgongano baina yao: sanaa imekubaliwa kuwa ya halali, na kwa kuwa ni ya halali imepaswa kuwa na adabu.

Nikiyatazama hayo yote kwa pamoja, hukumu yangu ni hii. Uwazi wa faili la klasi umekuwa neema, kwa sababu umeziruhusu programu kuponywa, kupimwa na kuunganishwa na watu ambao hawakuzitunga, na umewaachia hata wasio na uwezo wa kununua msaada wa mtungaji njia ya kujisaidia. Lakini neema hiyo haina mlinzi wa nia. Ipo mashine ya kukagua umbo, na haipo ya kukagua uaminifu. Kwa hiyo kila kijana wa Dar es Salaam, Nairobi, Kampala au Kigali ambaye kesho atapachika wakala katika programu ya benki au ya hospitali ajifunge kwa mambo matatu: asibadili pasipo idhini ya mwenye kuiendesha programu, aandike alichobadili, wapi na kwa nini, mahali ambapo atakayemrithi atapaona, na auone ubadilishaji wake kuwa ni wa muda mpaka msimbo chanzo wenyewe utakaporekebishwa. Asiyeweza kuyatimiza hayo matatu, hata akiijua kila amri ya mashine kwa moyo, haifai apewe programu ya mwenzake kuishika.